Njia Mbili za Moto wa Nyota

SWALI: Nimesoma kwamba haidrojeni hugeuka heli ndani ya nyota kwa njia mbili. Je, njia hizo hushindana, na ipi hushinda?

JIBU: Hushindana hakika, na mwamuzi baina yao ni hararati. Katika njia ya kwanza, protoni mbili hugongana, na moja yao sharti igeuke nyutroni papo hapo, jambo lililo nadra mno hata protoni katika kiini cha Jua hungoja, kwa wastani, miaka milioni elfu kadhaa kabla ya kujaliwa nalo. Na taratibu hiyo ndiyo iliyotubakizia Jua hadi leo.

Njia ya pili, waliyoibainisha Carl von Weizsäcker na Hans Bethe mnamo 1938 na 1939, huhitaji kaboni, iliyo mfano wa mvushaji mwenye mtumbwi: hupokea protoni nne, moja baada ya nyingine, ikigeuka naitrojeni na oksijeni kwa zamu, hata iishushe heli ng'ambo na kurejea kaboni ile ile, isipungue kitu. Lakini kiini cha kaboni, chenye chaji sita, huifukuza protoni kwa nguvu, kwa hiyo njia hii yataka joto kali zaidi.

Katika Jua, ambalo kiini chake kina digrii takriban milioni 15, huleta kama sehemu moja tu katika mia ya nishati. Nyutrino, yaani chembe zitolewazo na njia hii, zilizonaswa na chombo cha Borexino chini ya mlima wa Gran Sasso, Italia, zilitangazwa mwaka 2020, habari ninayoihesabu miongoni mwa tunu za elimu ya falaki. Ama katika nyota ya Sirius, yenye uzito wa Jua mara mbili hivi, kaboni ndiyo itawalayo.