Dondoo muhimu: chuma au alumini palipo na chumvi

Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, upepo wa bahari hauliachi bati wala msumari. Kabla hujanunua:

• Pitisha sumaku. Chuma hunasa, alumini hainasi. Baadhi ya vyuma vya pua navyo havinasi, basi nyanyua: kwa ujazo uleule, chuma ni kizito karibu mara 3 ya alumini. Ndiyo maana nanga ni ya chuma.

• Kutu ya chuma hubambuka, ikaacha chuma kipya wazi, nacho kikaliwa. Alumini hujifunika utando mwembamba unaong'ang'ania na kuikinga. Chumvi huutoboa, lakini kwa vidoa.

• Hili ndilo hupuuzwa zaidi: usipige bati la alumini kwa msumari wa chuma mtupu. Metali hizi mbili zikigusana penye maji ya chumvi, alumini huliwa kwanza, pale pale ulipopita msumari. Tia mpira kati yake.

• Usilaze nondo kwenye zege la mchanga wa pwani usiooshwa kwa maji baridi. Kutu huvimba na kulipasua zege.

• Sufuria ya alumini hupata moto upesi, ila mchuzi wa ukwaju au ndimu usilale humo. Chapati, kwangu mimi, ni chuma tu, hutunza moto.

• Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 za Selsiasi, chuma kwa 1,538. Usisahau sufuria tupu juu ya mkaa uliokolea.