Kuua kwa Wema: Suala la Panya wa Maabara

Katika darasa yetu ya leo twataka kulijibu suala tulilolipata kwa kijana mmoja, mzaliwa wa pwani, aliyekwenda kutafuta riziki bara. Yeye hukaa Sigalame, katika nchi ya Wasamia, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda, na kazi yake ni kuwatunza wanyama katika maabara moja ya upande ule. Hatulitaji jina la maabara wala la kijana, kwani haja yetu ni mas-ala, si mtu.

SUALA: Sisi huwatia panya weupe damu yenye vijidudu vya malale, ili vizae tupate kuvitazama. Kazi ikisha, panya hana budi kufa. Mwenzangu huwaua. Mimi moyo wangu hunikataza, basi huwaacha tunduni mpaka wafe wenyewe kwa ugonjwa, nikisema: damu yao haimo mkononi mwangu. Je, kati yetu sisi wawili, mwenye huruma ni nani?

JAWABU: Huenda wasomaji wetu wa Mombasa na Lamu wakastaajabu kuwa jambo la panya latufanyia darasa nzima. Walakini yafaa kwanza wajue panya hawa wametumwa kazi gani.

Malale ni maradhi yaletwayo na mbung'o. Mwanzoni mwa karne iliyopita yaliua watu wapatao robo milioni katika Busoga na pwani za ziwa upande wa Uganda. Nchi ya Busia na Samia ilikuwa miongoni mwa mahali yalipokaa sana katika Kenya. Ndiyo sababu kazi ya kuyachunguza ilisimama huku mpakani: Tororo, ng'ambo ya Malaba, palikuwa na shirika la EATRO zama za Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977, na Alupe, karibu na mji wa Busia, pakatibiwa wagonjwa wa malale. Mwezi wa Agosti mwaka 2025 Shirika la Afya Ulimwenguni lilithibitisha kuwa Kenya imeyashinda malale yasiwe tena balaa la umma. Sasa, vijidudu hivi mara nyingi huwa vichache mno katika damu ya mgonjwa hata hadubini isivione. Akitiwa panya damu ile, baada ya siku kadhaa vimekwisha zaa tele, vyaonekana. Basi katika ushindi huo panya nao wana fungu lao, wala hakuna aliyewauliza kama wapenda kulitoa.

Sasa na tuingie katika mas-ala yenyewe.

Kwanza, yuko atakayesema: panya ni mnyama wa kudhuru, na Mtume, rehema na amani zimshukie, ameruhusu auawe hata katika Haram ya Makka, basi ya nini kujisumbua? Twamjibu kuwa ruhusa ya kuua si ruhusa ya kuadhibu. Katika hadithi aliyoipokea Shaddad bin Aws, iliyomo katika Sahihi ya Muslim, Mtume ametufundisha kwamba wema umefaradhiwa katika kila jambo, hata katika kuua na kuchinja, na kwamba mchinjaji aunoe ukali wa kisu na amstareheshe mnyama. Tazameni basi: wema haukutajwa kwa mnyama tumpendaye peke yake. Umetajwa pale pale penye kuua.

Pili, na hapa ndipo lilipo jawabu la kijana wetu: kuacha si huruma. Panya aliyejaa vijidudu hafi kama mtu alalaye usingizi. Manyoya husimama, mgongo hupinda, huacha kula, hukonda, mwili hupoa, kisha hujikunyata pembeni asiweze hata kufika penye maji. Mateso hayo huweza kuchukua siku. Kijana wetu asema kuwa damu haimo mkononi mwake. Nani basi aliyemtia ugonjwa? Nani aliyemfunga tundu? Twajua khabari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: hakumpiga wala hakumkata, alimfunga tu, asimpe chakula wala asimwache akajitafutie. Kosa lake lilikuwa katika kuacha. Basi mwenzako, ikiwa anaua kwa ujuzi na kwa wakati wake, ndiye aliye karibu zaidi na huruma. Na wewe, pamoja na moyo wako mlaini, umemchagulia panya kifo kilicho kirefu zaidi, ili wewe usione haya.

Tatu, wakati wa kuua. Wataalamu waangalifu huweka mpaka kabla ya kazi kuanza: dalili fulani zikionekana, panya auawe siku ile ile, hata kama kazi haijesha. Wengi huhesabu uzito: aliyepungua sehemu moja katika tano ya uzito wake hangojewi. Panya apimwe kila siku na iandikwe, kwani jicho lililozoea mateso haliyaoni tena.

Nne, namna ya kuua. Zinazotumika sana kwa panya wadogo ni tatu:

(a) Dawa ya usingizi ya namna ya pentobarbitali, akidungwa kwa kipimo kikubwa. Panya hulala, kisha pumzi na moyo husimama naye hajui.

(b) Hewa ya ukaa. Hii yataka hadhari. Haifai kumtupa panya katika chombo kilichokwisha kujazwa, kwa kuwa hewa hiyo ikiwa nyingi hugeuka asidi katika maji maji ya pua, ikachoma kabla hajapoteza fahamu. Huingizwa kidogo kidogo. Mwongozo wa chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani wa mwaka 2020 wataja asilimia 30 mpaka 70 ya ujazo wa chombo kwa kila dakika. Na vitoto vilivyozaliwa karibuni huistahamili mno. Havifi upesi kama wakubwa.

(c) Kutengua shingo kwa mkono. Kwa mkono uliofundishwa ni mara moja; kwa mkono wa kubahatisha ni adhabu. Mwanafunzi ajifunze kwa panya waliokwisha kufa, si kwa walio hai.

Kwa njia yoyote, asiuawe mmoja mbele ya wenziwe. Mtume alimkanya mtu aliyekuwa akinoa kisu na mnyama akitazama. Yatosha hiyo kuwa funzo. Na kabla ya kutupa, yapasa kuhakikisha kuwa pumzi na moyo vimesimama, kwani wako waliodhaniwa wamekufa wakazindukana katika pipa la taka.

Tano, kupunguza. Mwaka 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, walitoa kitabu kilichoweka misingi mitatu: penye njia isiyohitaji mnyama, itumike hiyo, wakihitajiwa wanyama, wawe wachache iwezekanavyo, na wale wasioepukika, wapunguziwe maumivu. Wala msidhani kuwa hayo ni ya Ulaya tu. Mwaka 1977, katika maabara ya ILRAD hapo Nairobi, Hiroyuki Hirumi na wenziwe walifaulu kuvikuza vijidudu vya jamii ya malale ndani ya chupa, jambo lililokuwa likihitaji panya tangu zamani. Vijidudu vilevile huhifadhiwa katika baridi kali ya naitrojeni, visiwe na haja ya kuhamishwa kutoka panya hata panya ili viishi. Na damu ikizungushwa kwa kasi katika mrija mwembamba, vijidudu hukusanyika mahali pamoja vikaonekana. Basi mwenye kuweza njia hizi akatumia panya kwa uvivu, huyo ameua bila haja. Na sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, nayo haimruhusu mtu kufanya majaribio juu ya mnyama bila ya leseni.

Ewe kijana wetu, moyo wako usiuue, utahitajiwa. Ila uutume kazi. Jifunze mkono wa mwenzako mpaka wako uwe mwepesi kuliko wake. Simama na daftari la uzito. Waulize wakubwa wako kwa adabu: kwa nini panya kumi, wala si sita? Kwa nini panya, wala si chupa? Hayo yatamfaa panya kuliko machozi.

Nasi tulio pwani tusijione tumeokoka. Kuku hufungwa miguu akaning'inizwa kichwa chini toka sokoni hata nyumbani, na punda mwenye kidonda hutiwa mzigo juu ya kidonda chake. Aliyeko Sigalame ametuuliza kwa sababu alijishuku. Sisi tumemwuliza nani?

Mwenyezi Mungu atuwafikishe katika wema. Wallahu a'lam.