SOMO LETU: CHAMA CHA HUDUMA NI NINI, NA CHADUMUJE?



Katika mazungumzo ya baada ya ibada hapa Singe, swali moja limekuwa likirudi mara kwa mara: je, yafaa tuunde chama cha huduma katika kata yetu, au kazi hiyo tuiachie Serikali na wafadhili? Swali hili ni jema, wala halijibiwi kwa shauku peke yake. Sote tumeona vikundi vilivyoanza kwa nyimbo na vitenge vya sare, na mwaka wa pili havikuwa na hata daftari la mahudhurio. Basi katika somo hili tutazame jinsi vyama vya namna hiyo vilivyoanza, kazi vilizofanya, na sababu zinazofanya kimoja kidumu na kingine kife. Mwishoni kuna maswali ya kujadili katika jumuiya zenu.

1. Maana ya chama cha huduma

Chama cha huduma ni kundi la watu wenye kazi zao mbalimbali, wanaokutana kwa ratiba inayojulikana, na kutoa muda, ujuzi na fedha zao kwa faida ya watu wengine, bila kulipwa. Hapo kuna tofauti na vikundi vingine tulivyo navyo. Kikundi cha kuweka na kukopa, kama vile VICOBA, huwafaa wanachama wake. Ni jambo zuri, lakini faida yake hurudi kwa waliochangia. Chama cha kufa na kuzikana nacho huwahudumia waliomo. Chama cha huduma huchangia kwa ajili ya mtu asiyekuwamo, ambaye pengine hata shukrani hataileta.

Jambo hili si geni kwetu. Wazee wetu walijengeana nyumba na kulimiana mashamba kwa zamu. Ndugu zetu Wapare wanao msaragambo wao, ambao kwa huo mifereji na njia zilitengenezwa kabla ya kuwapo halmashauri. Kipya katika vyama tutakavyovitaja ni utaratibu: katiba, mihtasari, mweka hazina, na viongozi wanaobadilika.

2. Vyama hivi vilianzaje

Tarehe 23 Februari 1905, katika mji wa Chicago, Marekani, mwanasheria Paul Harris aliketi na wenzake watatu katika ofisi ndogo. Mmoja alikuwa mhandisi wa migodi, wa pili mfanyabiashara wa makaa ya mawe, na wa tatu fundi wa kushona nguo. Walikubaliana wakutane kwa zamu katika ofisi ya kila mmoja, na kutokana na mzunguko huo wakajiita Rotary. Hapo mwanzo nia yao ilikuwa urafiki na kusaidiana katika biashara. Lakini hawakukaa sana kabla ya kuona kwamba urafiki usiotoka nje ya mlango huchosha.

Na kazi yao ya kwanza kubwa kwa mji wao ilikuwa nini? Ilikuwa vyoo. Mwaka 1907 walijiunga na wengine kuutaka mji wa Chicago ujenge vyoo vya watu wote karibu na jumba la halmashauri. Wenye bia na wenye maduka makubwa hawakupendezwa, kwa kuwa mpita njia aliyebanwa na haja alilazimika kuingia baa au dukani kwao. Hata hivyo vyoo vilijengwa. Tulikumbuke jambo hili sisi tunaodhani kwamba huduma lazima ianze na jengo la ghorofa au gari la wagonjwa.

Mwaka 1917, katika mji huohuo, Melvin Jones, aliyekuwa mfanyabiashara wa bima, alivikusanya vilabu kadhaa kuwa chama kimoja kiitwacho Lions. Mwaka 1925 bibi Helen Keller, ambaye alikuwa kipofu na kiziwi tangu utoto, aliwahutubia wanachama hao na kuwaomba wawe watetezi wa wasioona. Tangu siku hiyo huduma ya macho imekuwa alama yao kubwa.

Huku kwetu Afrika Mashariki, Rotary ilianza Nairobi mwaka 1930, na Dar es Salaam mwaka 1949. Hapo zamani ilionekana kuwa klabu ya wageni na matajiri. Leo vilabu hivyo vina Watanzania, Wakenya na Waganda wengi. Mganda mmoja, Sam Owori, ambaye kazi yake ilikuwa ya benki, alichaguliwa kuiongoza Rotary ya dunia nzima kwa mwaka 2018 hadi 2019, lakini alifariki Julai 2017 kabla ya kushika kiti.

Tusifiche upande mwingine. Kwa miaka mingi vyama hivi viwili vilikuwa vya wanaume tu. Wanawake walifunguliwa mlango mwaka 1987, na kwa Rotary sheria yenyewe ilibadilishwa kwa dunia nzima mwaka 1989. Akina mama wa Kianglikana hawakungoja hayo: Umoja wa Akina Mama ulianzishwa na Mary Sumner huko Uingereza mwaka 1876, miaka 29 kabla ya mkutano ule wa Chicago. Kwa hiyo mtu akisema kwamba chama cha huduma ni jambo la wanaume wenye tai, mwonyesheni tarehe hizo.

3. Kazi moja, miaka mingi

Mfano bora wa uvumilivu ni vita dhidi ya polio. Virusi vyake huenea hasa kwa kinyesi na maji machafu. Wengi wanaoambukizwa hawaoni dalili, lakini mmoja katika kila 200 hivi hupooza, na kupooza huko hakuna dawa. Walimu wa rika langu tunawakumbuka vyema watoto waliokuja shuleni kwa kutambaa, au kwa fimbo ya mti iliyochongwa na baba.

Rotary ilianza na chanjo ya watoto nchini Ufilipino mwaka 1979. Mwaka 1985 ikaahidi kuifanya kazi hiyo duniani kote. Wanachama walikusudia kuchanga dola milioni 120 za Marekani. Kufikia mwaka 1988 walikuwa wamepata dola milioni 247. Mwaka huo wa 1988 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na wengine waliungana nao. Wakati ule watoto wapatao 350,000 walipooza kila mwaka, katika nchi zaidi ya 125. Tarehe 25 Agosti 2020 bara la Afrika lilitangazwa kuwa halina tena polio ya asili. Mpaka sasa, nchi ambazo maambukizi hayo hayajawahi kukatika ni mbili tu, Afghanistan na Pakistan.

Lakini angalieni: Februari 2022 mtoto mmoja wa Malawi alithibitishwa kuwa na virusi vilivyotoka nje ya Afrika, na mwaka huohuo Tanzania ilipaswa kupitisha tena matone ya chanjo nyumba kwa nyumba. Palipi pakaharibiwa na uvivu, pote huingia hatari. Palizi iliyoachwa robo shamba ni sawa na shamba lisilopaliliwa, maana magugu hayajui mpaka.

Kazi ya macho nayo hutufundisha jambo jingine. Ugonjwa wa trakoma, ambao watu wengi huujua kwa jina la vikope, huzipinda kope zikakwaruza jicho mpaka mtu akapofuka. Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, ilipata kuwa mahali pa utafiti mkubwa, uliochapishwa mwaka 1995. Pale ambapo dawa iliongezewa juhudi ya kijiji kuwanawisha watoto nyuso, trakoma kali ilipungua kuliko palipotolewa dawa peke yake. Dawa hutoka mbali na huhitaji fedha. Kunawisha uso huhitaji mama, kata ya maji, na jirani wa kukumbusha. Hapo ndipo mtu wa kujitolea ana nafasi ambayo tajiri hawezi kuinunua.

4. Mfano wa hapa petu

Hatuna haja ya kwenda Chicago kutafuta mfano. Tazameni msitu wa Duru-Haitemba katika Wilaya ya Babati, wenye eneo la hekta 9,000 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikusudiwa kufanywa hifadhi ya Serikali. Wanavijiji walipoona alama za mipaka, wengi walikata miti kwa haraka, kwa kuwa waliona kuwa mali inawatoka. Walinzi wa Serikali walikuwa wachache, na msitu ulizidi kuisha.

Ndipo wakubwa walipokubali kuwasikiliza wenyeji. Kati ya mwaka 1994 na 1995 vijiji vinane vilivyouzunguka vilipewa jukumu la kuulinda. Kila kijiji kiliunda kamati yake, kikatunga sheria ndogo, na kikachagua vijana wa doria kutoka miongoni mwao. Vijana hao hawakupewa mishahara. Hata hivyo ukataji ulipungua, na mfano huo ulitazamwa na nchi nzima wakati Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilipotambua misitu ya vijiji. Nini kilibadilika? Miti ilikuwa ileile, na watu walewale. Kilichobadilika ni jibu la swali hili: “Msitu huu ni wa nani?”

Mfano wa pili ni wa huzuni. Asubuhi ya Jumapili, 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka, na tope, mawe na magogo vikaingia Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Vyombo vya Serikali vilifika, na pamoja navyo watu wa kujitolea wa Chama cha Msalaba Mwekundu, ambacho kwetu kiliwekwa kwa sheria ya mwaka 1962. Mchango wa nguo na unga ulitoka pande nyingi, na watoaji walifanya vema. Lakini katika saa za kwanza anayefaa zaidi ni jirani aliyekwisha kufundishwa: ajuaye kuzuia damu, kumbeba aliyevunjika mguu, na kuandika majina ya waliopotea. Ujuzi huo haununuliwi siku ya msiba. Hujifunzwa siku za amani, pale watu wanapoona kwamba mazoezi ni kupoteza muda.

5. Mambo matano ya kuzingatia

Kutokana na mifano hiyo, mimi naona kwamba chama kitakachodumu Singe hakina budi kushika mambo haya.

Kwanza, kianze na haja ndogo inayoonekana. Choo cha sokoni, mtaro ulioziba, au mgonjwa wa kitandani asiye na wa kumfulia, hiyo yatosha kuwa kazi ya mwaka wa kwanza.

Pili, kiwaulize wenye shida kabla ya kuwasaidia. Katika miaka yangu ya kufundisha niliona pampu ya maji iliyoletwa na wafadhili, ikazinduliwa kwa ngoma, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa kigingi cha kufungia mbuzi. Hapakuwa na kamati, wala fundi, wala fungu la vipuri. Kila aliyeulizwa alijibu, “Ile ni pampu yao.” Ni neno lilelile lililokuwa likiua Duru-Haitemba.

Tatu, fedha ziwe katika mifuko miwili. Vilabu vya Lions vina kanuni kwamba fedha iliyochangwa na umma hutumika kwa huduma tu. Chai ya mkutano na shajara hulipwa kwa ada za wanachama wenyewe. Mweka hazina asome hesabu mbele ya watu kila mwezi, hata kama ni shilingi elfu tano. Vikundi vingi huuawa na minong'ono kabla ya wizi wenyewe kutokea, na dawa ya minong'ono ni daftari lililofunguliwa.

Nne, viongozi wabadilike. Rais wa klabu ya Rotary hushika kiti mwaka mmoja, kisha hurudi kukaa na wengine. Kwa njia hiyo chama hakigeuki kuwa mali ya mtu, na kila mwaka mwingine hujifunza kuongoza.

Tano, vijana waingizwe mapema. Rotary ina tawi la Interact kwa wanafunzi tangu mwaka 1962, na Rotaract kwa vijana wakubwa tangu mwaka 1968. Mwanafunzi aliyezoea kumchotea maji bibi wa jirani hahitaji kuhubiriwa huduma akiwa mtu mzima.

Juu ya uandikishaji, chama huandikishwa kwa Msajili wa Jumuiya katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, kwa Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337. Kabla ya kuandika katiba, mwoneni Afisa Maendeleo ya Jamii, naye atawaelekeza njia ifaayo kwa kundi la ukubwa wenu.

6. Neno la mwisho

Wengine watauliza: je, tukifanya kazi hizi, hatuipunguzii Serikali wajibu wake? Nadhani sivyo. Wale wa Chicago hawakujenga vyoo wenyewe wakanyamaza. Waliitaka halmashauri ijenge, wakasimama mpaka ikajenga. Chama kizuri hufanya kinachowezekana kwa mikono yake, na kwa yale yaliyobaki huwakumbusha wenye mamlaka, kwa adabu na bila kuchoka. Anayefagia mlangoni pake ana haki ya kuuliza kwa nini barabara haifagiliwi.

Maswali ya kujadili

1. Katika mtaa wenu, ni haja gani moja ndogo inayoweza kumalizwa katika miezi sita? Wenye haja hiyo wamekwisha kuulizwa?

2. Tajeni kikundi kimoja kilichokufa hapa kwetu, bila kutaja majina ya watu. Kati ya mambo matano yaliyoelezwa, ni lipi lilikosekana?

3. Ni nani kati yenu anayejua huduma ya kwanza? Kama hakuna, ni nani atakayekubali kujifunza, na lini?

4. Kwa nini vijana wa Duru-Haitemba walikubali kulinda msitu bila mshahara? Je, sababu hiyo ipo katika kazi mnayokusudia?

Andikeni majibu yenu katika daftari, na mwezi ujao myalete tuyasome pamoja.