Taa za Tyubu na Kazi ya Choki

Je, umepata kusikia taa ndefu ya dukani ikivuma kama nyuki? Mlio huo hautoki kwenye tyubu. Hutoka kwenye choki, yaani balasti, iliyofichwa nyuma yake.

Ndani ya tyubu mna mvuke wa zebaki. Umeme ukianza kupita humo, mkondo huzidi kuongezeka. Usipozuiwa, tyubu huharibika. Kazi ya choki ni kuuzuia. Choki ya zamani ni waya wa shaba uliozungushiwa chuma. Hupata joto, na joto hilo ni umeme unaopotea bure. Choki ya elektroniki hupoteza umeme kidogo, wala haivumi.

Siku hizi taa za LED, zisizo na zebaki, zinachukua nafasi ya tyubu hizo. Tufanye hesabu. Duka lina tyubu 10. Kila tyubu hutumia wati 36, na choki yake wati 9. Jumla ni wati 450. Kwa saa 10 duka hutumia yuniti 4.5. Taa 10 za LED za wati 18 zingetumia yuniti 1.8 tu.

Tahadhari: Zebaki ni sumu. Mwaka 2023 nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana kukomesha utengenezaji wa tyubu hizo ifikapo mwisho wa 2027. Tyubu ikivunjika, usiguse vipande. Fungua madirisha, toka nje, umwite mtu mzima.

Zoezi
1. Choki ina kazi gani?
2. Mwenye duka ataokoa yuniti ngapi kwa siku 30?