Ardhi ya Jamaa Katika Kisiwa cha Jamaica

Zamani mtoto alipozaliwa katika vijiji vya Jamaica, kisiwa cha Bahari ya Karibi, desturi ilikuwa kukizika kitovu chake katika kiwanja cha jamaa na kupanda mti mahali hapo: mnazi, mwembe au mshelisheli. Mti huo ulikuwa wake. Wasomaji wengi, ambao nao husema ya kwamba kwao mtu ni pale kilipozikwa kitovu chake, hawataiona desturi hiyo kuwa ngeni. Lakini yafaa kuangalia jinsi ilivyofungamana na haki ya ardhi, maana watu hao walitoka utumwani wasiwe na hata shubiri moja ya ardhi.

Wazee wao walichukuliwa kutoka Afrika ya Magharibi na ya Kati, wakatumikishwa katika mashamba ya miwa ya Waingereza. Sehemu za milimani zisizofaa miwa waliachiwa wajilimie viazi vikuu na ndizi. Utumwa ulikomeshwa kwa sheria tarehe 1 Agosti, 1834, lakini wengi walilazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana wao mpaka tarehe 1 Agosti, 1838. Hata baada ya hapo, mabwana wengi walidai kodi kwa vibanda na makonde yale yale; asiyelipa alifukuzwa.

Ndipo wamisionari wa Kibaptisti walipoanza kununua mashamba na kuyagawa viwanja. James Phillippo alikuwa amekwisha kununua ardhi milimani juu ya mji wa Spanish Town mwaka 1835, na hapo kikajengwa kijiji cha Sligoville.

Mnunuzi hakukihesabu kiwanja chake kuwa mali yake peke yake. Kilikuwa cha uzao wake wote, wanaume kwa wanawake, waliozaliwa ndani ya ndoa na nje ya ndoa, wala hakikupasa kuuzwa. Makaburi ya wazee yalikuwa papo hapo karibu na nyumba. Aliyekwenda Kingston kutafuta kazi, au Uingereza kama walivyofanya wengi tangu mwaka 1948, hakupoteza haki yake. Akirudi mzee na mikono mitupu, alikuwa na mahali pa kujenga na matunda ya kuchuma.

Sheria ya serikali haikufuata njia hiyo. Mtoto wa nje ya ndoa hakupata haki sawa ya urithi mpaka ilipopitishwa sheria ya mwaka 1976. Na hata leo ardhi nyingi ya jamaa haina hati yenye majina ya wenyewe walio hai. Benki hazipendi kukopesha kwa dhamana ya namna hiyo, na mmoja akijiandikisha peke yake, ndugu zake hulia kwamba wameibiwa. Wako wanaotaka igawanywe, kila mtu apate hati yake. Wengine hujibu kwamba kiwanja kidogo kikigawanywa kwa wajukuu hamsini, hakuna atakayepata hata mahali pa kutandika kitanda. Na yule aliye ng'ambo, mti wake atapewa nani?