KITI CHA BAISKELI KISIKUTESE



Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaona haya kulisema: maumivu ya makalio yanayoletwa na kiti cha baiskeli. Huku kwetu Shinyanga baiskeli inabeba maji, mahindi ya kusaga, na mama na mtoto wakienda kliniki. Mtu akishindwa kuikalia, kazi nyingi zinalala.

Nilikuwa na mwanakisomo mmoja, mzee aliyekuwa akipeleka maziwa mjini kila asubuhi, kilomita 16 kwenda na 16 kurudi. Jioni alikuja darasani, lakini alisimama mlangoni tu.

"Mzee, karibu ukae," nilimwambia.

"Mwalimu, niache tu. Leo sikai."

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, ila nilifanya kosa kubwa kuliko kucheka. Nilimpa ushauri wa jambo nisilolijua. Nilimwambia akate kipande cha godoro la sponji, akifunge juu ya kiti kwa mpira wa tyubu. Akafanya hivyo. Baada ya wiki moja alikuja na habari mbaya zaidi. Sasa sehemu za siri zilikuwa zinakufa ganzi, na akishuka alisimama kwanza ndipo aweze kutembea. Akasema baiskeli anaiuza. Na maziwa je? Madaftari ya wajukuu wake yalitoka kwenye maziwa hayo.

Basi tukaenda wote kwa fundi baiskeli, chini ya mwembe karibu na mnada. Fundi hakugusa kiti. Alisema, "Mzee, hebu panda, zunguka pale nikuone." Mzee akapanda. Magoti yalipanda juu karibu na kifua, na pua ya kiti ilitazama mbinguni kama jogoo anayewika. Fundi akatoa spana.

Sasa tujifunze alichokijua fundi, ambacho mimi mwalimu sikukijua.

Kalia viganja vyako juu ya ubao. Utasikia mifupa miwili, mmoja kila upande. Mungu aliiweka hiyo ili ibebe uzito wako ukikaa. Katikati ya mifupa hiyo ipo nyama laini, yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Nyama hiyo haikuwekwa kubeba uzito. Kiti kizuri hushika mifupa na kuiachia nyama nafasi.

Je, sponji nene ina ubaya gani? Fikiri umekalia gunia la pamba. Mifupa inazama, na pamba inapanda katikati. Sponji nayo hufanya hivyohivyo, inabana mahali palepale pasipotakiwa kubanwa. Ndiyo maana mzee alikufa ganzi. Sponji nyembamba haina neno, hasa kwa safari fupi. Lakini usidhani kila kiti laini ni kizuri.

Upana wa kiti ufuate mifupa yako. Mifupa ya wanawake kwa kawaida imeachana zaidi kuliko ya wanaume, hivyo mama akipewa kiti chembamba cha mumewe anaweza kuumia wakati mumewe haumii. Asiambiwe anadeka.

Kabla ya kununua kiti kipya, rekebisha ulicho nacho. Anza na urefu. Egemeza baiskeli ukutani, panda, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Ukishaanza kuendesha kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kiti kikiwa chini mno, miguu haibebi kitu, uzito wote unakaa makalioni. Kikiwa juu mno, utayumba kulia na kushoto na ngozi itachubuka. Bomba la kiti likiwa na alama ya mwisho, usilivute kupita hapo. Linaweza kuvunjika au kuchomoka na wewe ukiwa juu.

Halafu tazama pua ya kiti. Weka baiskeli mahali pa tambarare, laza ubao mwembamba juu ya kiti. Ubao ulale sawa. Pua ikiinuka, inakuchoma mbele. Ikiinama sana, unateleza na mikono inachoka kwa kukuzuia. Legeza nati chini ya kiti, sogeza kidogo tu, kaza sana, kisha jaribu safari nzima kabla ya kusogeza tena.

Wenye viti vya ngozi vyenye springi, mna mali. Aliyejulikana sana kwa viti hivyo ni Mwingereza John Boultbee Brooks wa Birmingham. Husimuliwa kwamba farasi wake alikufa mwaka 1878, akaazima baiskeli, akaumia sana na kiti chake. Mwaka 1882 aliandikisha haki ya kiti alichokibuni. Ngozi hujifunza umbo la mwenyewe, lakini ikilowa kisha ikakaliwa inalegea na kubonyea. Ifunike wakati wa mvua.

Kama hujaendesha siku nyingi, makalio yatauma kidogo siku za mwanzo, yatazoea. Lakini ganzi isiyokwisha, au kidonda kisichopona, nenda zahanati. Usimwonee haya mganga.

Mzee wetu hakununua kiti kipya. Sponji ilitolewa, kiti kikapandishwa, pua ikashushwa. Siku ya tatu alikaa darasani. Likabaki tatizo moja: kijana wake mrefu huazima baiskeli Jumamosi na kupandisha kiti. Mzee akachukua futi ya fundi cherehani, akapima toka katikati ya gia kubwa, pale mikono ya pedeli inapozungukia, mpaka juu ya kiti. Akaandika kwenye daftari lake la kisomo, kwa mkono wake:

Baba sm 70. Kijana sm 76.

Nawe pima cha kwako, uandike. Kama hamna futi, kamba yenye fundo inatosha.