Muuguzi asiye zamu na ajali ya barabarani

Swali: Mimi ni muuguzi wa dharura, naishi Nyarutarama, Kigali. Je, nibebe vifaa nikiwa sina zamu, na nisimame nikikuta ajali?

Jibu: Simama, ndugu yangu. Sheria ya Rwanda Na. 68/2018 inahesabu kuwa ni kosa kuacha kumsaidia mtu aliye hatarini ilhali ungeweza bila kujihatarisha. Haiulizi kama uko zamu. Lakini kwangu sababu kubwa ni damu. Mshipa mkubwa ukikatika, mtu anaweza kufa kwa dakika chache, na gari la wagonjwa la SAMU, hata likiitwa mara moja kwa 912, lina barabara ya kupita kwanza. Pengo hilo huzibwa na mikono iliyo karibu. Kwa hiyo beba mfuko mwepesi: glavu, bandeji, mkanda wa kukazia mguu au mkono unaovuja damu, na kizibao kinachoakisi mwanga. Dawa na dripu ziache kazini, ambako kuna daktari wa kukuelekeza.

Wapo wasemao mhudumu aliyechoka ana haki ya kupumzika. Ni kweli, na asilaumiwe kwa kukosa mfuko. Ila kupiga simu, kuonya magari na kukandamiza jeraha havihitaji mfuko wowote. Wengine huhofia kushtakiwa. Hofu hiyo hupungua ukibaki ndani ya yale uliyofunzwa. Egesha mahali salama kwanza, na ukimkabidhi majeruhi kwa SAMU, waambie saa uliyoufunga mkanda.